Nusu Mililita kwa Salamu Moja

Saa ya ukutani katika wodi ya wazazi ilikuwa imekufa tangu Pasaka na hakuna aliyejisumbua kuleta betri. Muuguzi Émerance hakuihitaji. Mtawa mzee aliyemfundisha kazi alikuwa amemwachia saa isiyoishiwa betri: Salamu Maria moja, ikisemwa bila pupa, ni nusu mililita ya dawa. Magnesiamu, dawa ya kutuliza kifafa cha uzazi, ni mililita ishirini, basi Salamu arobaini. Ikipita upesi, mgonjwa anaacha kupumua.

Mchana mmoja akaletwa Bénédicte, mzazi wa siku mbili, kifafa cha uzazi kinamtupa huku na huku, povu la damu mdomoni. Daktari alikuwa katikati ya upasuaji. Mume, Rodrigue, mtu wa Butembo mwenye malori mawili njia ya mgodi wa Kinsevere, alikuwa amembeba mwenyewe toka mtaa wa Hewa Bora, na kutoka nje akakataa katakata. Émerance akapata mshipa, akaanza kusukuma, midomo ikicheza.

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga. Lakini wahenga hao hawakuwa wakitazama mke wao akijitafuna ulimi.

"Sukuma yote!" Rodrigue akafoka. "Juu ya nini unachelewesha?"

"Papa, hii dawa inaenda polepole. Uniache nihesabu." Akarudia sala yake: "...utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu."

Kanisani kwa Rodrigue hakuna anayemsalimu Maria. Alichosikia ni mwanamke anayemtajia mke wake saa ya kufa, huku akimtilia kitu mwilini kidogo kidogo.

"Unamuitia kifo! Mulozi weye!"

Ngumi ya kwanza ilimkuta Émerance sikioni. Kidole gumba hakikuteleza. Ya pili ilimpasua mdomo, meno mawili yakaanguka juu ya shuka. Akaulalia mkono wa mgonjwa kuukinga, akaendelea kuhesabu huku damu ikimtoka mdomoni. Salamu ya kumi na sita. Rodrigue akanyakua kiti cha chuma, akakishusha juu ya mkono wa kushoto wa Émerance, mifupa ikalia. Kisha akaikamata sindano, na mililita kumi na mbili zilizobaki akazisukuma zote kwa mara moja.

Kifafa kikatulia. "Unaona?" akasema, akihema kwa ushindi. Halafu akakiona kifua cha mke wake. Hakikupanda tena.

Nisimpake mtu mafuta: Émerance alitamani kumwacha. Alitamani yule mwanaume aitazame kazi ya mkono wake hadi mwisho. Lakini Bénédicte hakuwa amempiga mtu. Akajiinua, akamtupia Rodrigue baluni ya kupumulishia.

"Weka pa mudomo. Minya. Acha. Minya tena."

Sindano ya kalsiamu, dawa ya kuivunja magnesiamu, ilikuwa tayari kwenye sinia. Mtawa hakumruhusu mtu kuanza bila hiyo. Mililita kumi, Salamu ishirini. Nayo ikikimbizwa inasimamisha moyo. Ila kichwa cha Émerance kilikuwa kinavuma, na hesabu ikampotea.

"Sema ile sala."

"Siko mukatolika. Siijue."

"Fuata miye."

Akamfuata neno kwa neno, mkono ukiminya baluni, akilia kwa sauti mbele ya mwanamke aliyemvunja. Alipofika pale, akakwama.

"Sema!"

"Sasa na... saa ya kufa kwetu."

Nusu mililita ikaingia.

Kila alipokimbiza maneno, Émerance aliondoa kidole. "Anza upya." Alianza upya. Kwenye Salamu ya kumi na nne Bénédicte akakohoa, akavuta pumzi yake mwenyewe. Rodrigue akaanguka magotini, akaushika mguu wa Émerance.

"Mama, unisamehe."

Émerance akatema damu kando, kidole kikiwa bado juu ya sindano.

"Simama," akasema. "Inabakia mililita tatu. Salamu Maria..."