Nyimbo za Angela kwenye Kompyuta ya Sudi

Bibi Emerensiana aliwatangazia abiria wote waliotoka naye Njombe kwamba hakuna mwanamke wa rika lake anayeijua kompyuta kumshinda. Kwa kweli aliigusa mara moja tu, na ikazimika.

Ilikuwa mwaka tisini na nane. Pale Makambako, Sudi wa duka la kuchapa barua alikuwa ameufuta kwenye kompyuta yake ule mfumo wa zamani wa DOS, akaweka mpya wa Windows, na kutwa anawasifia watu rangi zake na kipanya chake. Bibi hakufuata rangi. Alifuata nyimbo kumi na moja za harusi za Kibena, ambazo dada yake Angela aliziimba humo humo dukani, Sudi akizichapa. Angela walimzika wakati wa Kwaresima. Mjukuu anaolewa Jumamosi, na hakuna mwingine anayezijua.

"Zimo, bibi. Zinachelewa tu kufunguka, mtambo bado mgeni."

"Tangu saa tatu! Ng'ombe angekuwa ameshazaa na kunyonyesha."

"Wallahi, jana nimezihamisha zote, nikazisoma kwa macho yangu."

Bibi akailainisha sauti. "Hata ule wa kumsifu mgema wa ulanzi, mjukuu wangu?"

"Ee, bibi! Huo ndio ulionivunja mbavu."

Fimbo ikatua mezani, kipanya kikaruka.

"Mwongo mkubwa! Wimbo huo nimeutunga sasa hivi, nikiwa nimekaa kwenye kiti chako."