Ukuta wa Keremkerem

Mume wangu ana tabia moja iliyonikera tangu anioe: anachimba udongo kama mtu anayemkatia mgeni mkate. Wafinyanzi wengine huchimba popote mkono unapofika, shimo likabaki limejaa vijishimo. Yeye hapana. Anasimama mbele ya ukuta wa shimo letu nyuma ya nyumba, anapiga sururu kuanzia juu mpaka chini, na ukuta unabaki wima, laini, unaweza kutundika picha ya harusi. Nilikuwa namwambia, wewe mwanamume, udongo wenyewe unakwenda kukanyagwa, unaurembea nini? Anacheka tu. Anasema udongo mzuri uko ndani, na ule uliokauka nje ni wa kuondolewa kila siku.

Tunatengeneza vyungu vya maua na majiko ya mkaa. Yeye anachimba, mimi nakanda na kufinyanga, kuchoma tunachoma pamoja. Mama mkwe anakaa nasi, na kazi yake ni kuniambia chungu kipi kimekaa upande. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, ila kasoro zangu anaziona hata akiwa jikoni.

Nyumba hiyo ndiyo aliyoirudia wifi yangu, dada pekee wa mume wangu, alipofiwa na mwanawe. Mtoto wa kike, hajatimiza hata miaka mitatu. Homa ilimchukua wakati mama yake akidhani ni meno tu. Ndoa nayo haikustahimili. Yule bwana akaenda zake mji mwingine. Wifi akaja kwetu na begi moja, akapewa chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama shimo la udongo, akajilaza na uso ameuficha.

Siku hiyohiyo mama mkwe alituita jikoni akatoa amri. Asipewe kazi. Asiulizwe kitu. Na jina la mtoto lisitajwe humu ndani, kwa sababu kidonda bado kibichi. Alinitazama mimi hasa, maana mdomo wangu hauna breki na ukoo mzima unajua. Nikaapa, na kiapo nikakishika. Tukawa tunapita mlangoni kwake tunanyata kama wezi ndani ya nyumba yetu wenyewe. Chai tunampelekea, sahani tunatoa, maji ya kuoga tunamwekea. Akinyoosha mkono kuchukua ufagio, mama mkwe anauwahi.

Akawa anapungua. Nampenda wifi yangu, niseme wazi. Nilipokuwa nachumbiwa ni yeye aliyenitetea kwa mama yake, na hakuna mtu duniani aliyewahi kunitania kama yeye. Siku moja aliwaambia wageni, mimi nikiwa nimekaa palepale, kwamba kaka yake alioa mdomo, mwili ukaja kama nyongeza. Sasa mtu huyohuyo namwamkia, umelalaje wifi, ananijibu "salama" ya kunifukuza. Nguo zilimning'inia. Niliogopa tutamzika na yeye, na sikuwa na wa kumwambia.

Mvua zilipokatika wakaja ndege. Ni keremkerem, wale wembamba wa kijani wenye mdomo mrefu uliopinda kidogo. Walikuja kundi zima, wakaukagua ukuta wa mume wangu kama wapangaji wanaokagua nyumba, kisha wakaanza kutoboa. Wanachimba kwa mdomo, udongo wanaurusha nyuma kwa miguu, na haikupita muda ukuta mzima ukawa matundu matundu, kila tundu na bwana na bibi yake. Nyuki na kerengende wa mtaa mzima wakakiona cha moto.

Asubuhi moja nainua kichwa kutoka kwenye kazi, namwona wifi amesimama mlangoni na shuka begani. Alikuja akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama ndege. Kesho yake akaja tena. Ikawa ndiyo kawaida yake. Halafu siku moja alininyooshea kidole ndege jike aliyesimama kwenye mlango wa tundu lake, akimpigia kelele mumewe aliyeleta nyuki mdogo mno.

"Huyo ni wewe," akasema.

Chungu kilinitoka mikononi. Nililia huku nacheka, udongo mpaka usoni, na jioni ile wifi yangu alikula akamaliza sahani.

Mume wangu alikuwa amesikia. Alichukua sururu yake, akaihamishia upande wa pili wa shimo, kule barabarani, akatangaza kwamba ukuta wa ndege hauguswi tena na mtu yeyote. Nilimwelewa, usinione hivi, nina moyo. Lakini udongo wa kule una kokoto, na kokoto ikipata moto inapasuka pamoja na chungu chenyewe. Tulikuwa tunafungua tanuri tunakuta vigae. Nilivumilia kwa sababu mle matunduni mlikuwa na vifaranga, na hata mimi na kelele zangu siwezi kumbomolea mzazi nyumba na watoto wakiwa ndani.

Vifaranga wakaota manyoya, wakaruka na wazazi wao. Wifi aliwapungia mkono. Akaniuliza kama watarudi, nikamjibu watarudi, ndege wana kumbukumbu kuliko wanaume. Kisha nikamgeukia mume wangu nikasema haya baba, sasa turudi kwenye udongo wetu. Akakataa katakata. Alitaka wakirudi wakute nyumba yao kama walivyoiacha. Mama mkwe akamuunga mkono. Nilibwata siku ile mpaka sauti ikanikauka, na hakuna aliyenisikiliza. Basi nikafinyanga kokoto, na kila tanuri lilipofunguliwa nilihakikisha wote humo ndani wanajua ninavyojisikia.

Kilichokuwa kinaendelea kwenye ukuta ule hatukukiangalia, maana tulishazoea kuukwepa. Mvua zikaja. Sehemu ya juu ikamomonyoka ikashukia chini, na ukuta uliokuwa wima ukawa mteremko. Majani yakaota, mizizi ikaingia kwenye matundu, kenge mmoja akawa anapanda na kushuka kana kwamba amerithi. Na sisi tunasimama mlangoni tunasema tazama palivyopendeza, pamekuwa kijani.

Keremkerem walirudi mvua zilipokatika. Wifi alikuwa amewasubiri. Siku hizo alikuwa anaoga mapema, anachana nywele, anakaa kwenye ndoo yake. Walizunguka juu ya shimo wakiitana. Mmoja alitua, akadona udongo, akateleza. Akajaribu pengine, akateleza tena. Kenge akatoa kichwa majanini. Walizunguka mpaka jua likazama, wakazunguka tena kesho yake, ua mzima umejaa sauti zao, na asubuhi iliyofuata kukawa kimya.

Wifi akarudi chumbani akafunga dirisha. Sahani ikawa inatoka kama ilivyoingia, na safari hii hata ile "salama" alininyima. Mama mkwe alikaa nje ya mlango wake akimbembeleza anywe uji kidogo tu, wapi. Mume wangu alishika kichwa, akaanza kutafuta mchawi: labda ni dawa wanazopulizia mashambani, labda ni hali ya hewa, siku hizi hakuna msimu unaojulikana. Sikumbishia. Dunia tumeiharibu kweli, na sisi wenye masururu tumo. Ila niliona anazungumza kama mtu asiyetaka kugeuka nyuma.

Nikaenda shimoni, upande wa barabarani, kuchota udongo wangu wa kokoto. Na pale, kwenye ukuta alioukata mume wangu wiki ile, nikakuta vitundu. Vifupi, kidole hakizami chote. Vimeanzwa vizuri, vya duara, kila kimoja kimeishia kwenye jiwe. Nikakaa chini. Kumbe walijaribu. Waliuacha mteremko wetu wa kijani tuliowatunzia, wakaja huku kwenye vumbi na kelele za magari, kwa sababu huku ndiko kulikokatwa. Sururu ya mume wangu, ile niliyoisema miaka yote, ndiyo iliyowaleta kwetu. Na siku tulipoiondoa, kwa huruma zetu, ndiyo siku tuliyoanza kuwabomolea.

Hasira zikanipanda mpaka masikioni. Nikaibeba ile sururu, nikavuka shimo, nikaanza kuupiga ule mteremko kwa nguvu zangu zote. Majani, mizizi, matope, vyote chini. Kenge alitoka mbio bila kuaga. Mume wangu akaja anakimbia, mikono juu, ananisihi niache, dada yake atasikia. Nikamwambia asikie. Nikamwonyesha vitundu vya kule ng'ambo kwa ncha ya sururu, nikaendelea kupiga. Alikwenda akavitazama. Hakurudi haraka, na aliporudi aliketi juu ya lundo la udongo.

Ndipo nikamwona wifi. Alikuwa amesimama ukingoni, pekupeku, shuka likiburuta vumbini.

"Kaka alisema usiguswe," akasema.

Nikamwambia kaka yake alisema hivyo kwa kumpenda, lakini tulikosea. Nikamweleza yote, nikihema: kwamba ukuta ule ulikuwa mzuri kwa sababu ulikuwa unakatwa kila siku, na tulipouacha ukajifia hapohapo mbele ya macho yetu, na sisi tunausifia majani. Nilikuwa naongea juu ya udongo. Naapa nilikuwa naongea juu ya udongo tu.

Alishuka. Akasimama karibu nami, akaushika ukuta pale nilipokuwa nimekata, penye unyevu, akaacha kiganja chake hapo.

"Na mimi mmenifanya hivihivi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Hamniachi hata nioshe kikombe. Mkipita kwangu mnanyata. Tangu nimeingia nyumba hii, hakuna aliyemtaja mwanangu. Wifi, nimeanza kuona kama sikuzaa."

Mume wangu alikuwa ameinamisha uso. Na ndipo nikatambua kwamba hata hapa, tangu nianze kukusimulia, nimekuwa nikisema mtoto, mtoto. Amri ilikuwa imeniingia mpaka kwenye ulimi. Alikuwa na jina lake zuri la kuandikwa hospitalini, lakini sisi kwetu hakuna aliyelitumia, kwa sababu alizaliwa na sauti ya kuamsha mtaa.

"Tarumbeta," nikasema.

Wifi alifumba macho. Akaniomba niseme tena, nikasema tena. Nikamwambia, unakumbuka mlipokuja kutusalimia, akalia usiku mpaka jirani akagonga kuuliza kama tumevamiwa? Na alivyoketi kwenye udongo wangu uliokandwa, akainuka, alama ya matako yake ikabaki, na mimi kwa uvivu nikafinyanga chungu juu yake? Wifi akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kimechanganyika na kilio, kamasi na kila kitu, na sijawahi kusikia kitu kilichonifurahisha zaidi. Kisha akapangusa uso kwa shuka, akalitupa pembeni, akashika chepe.

Anayetaka habari za ndege atulie, nampa kabisa: msimu ule hawakurudi. Walirudi uliofuata, na sasa utaratibu tunaujua, tunakata kabla hawajaja, na wakishaingia tunawapisha mpaka watoto waruke. Sisemi dunia yote ichimbwe. Upande wa barabarani tumeuachia majani yake, na kenge amehamia huko na familia yake. Lakini siku ile sikuyajua hayo, na nikisema kweli, ndege walikuwa wamenitoka kichwani.

Tulikuwa tunafanya kazi wote watatu. Mume wangu anakata, mimi navuta, wifi anajaza ndoo, na Tarumbeta yumo katikati yetu, kila mmoja na lake la kusimulia. Mume wangu alieleza alivyomfundisha kutembea akimshika kwenye kola ya gauni. Ndipo tukasikia mtu anajikohoza juu yetu.

Mama mkwe alikuwa amefika ukingoni, anapapasa njia kwa mguu. Tukasimama wote kama watoto waliofumaniwa na sukari. Hakuna shaka alikuwa amesikia jina. Nikajiandaa kubeba lawama, maana mdomo ulioanza ulikuwa wangu, na nikaapa moyoni kwamba safari hii nitamjibu.

Hakufoka. Alisimama, akawa anatutafuta kwa macho yake yasiyoona vizuri.

"Mkija kutusalimia, asubuhi alikuwa anakuja kitandani kwangu," akasema. "Mlipokuwa bado mmelala. Ananifungua jicho kwa kidole, anachungulia aone kama nimo. Akiniona anasema, yupo."

Wifi aliacha chepe likaanguka. Alisema hilo hakulijua, hajawahi kuambiwa. Mama yake akajibu kwamba amekaa nalo muda wote huo, alikuwa anaogopa kumuumiza. Wifi akaupanda kwa mikono na magoti ule udongo tulioukata, mpaka akafika miguuni pa mama yake, akaketi.

"Nisimulie tena, mama," akasema. "Taratibu."