Singo ya Bibi Odile

Alasiri hiyo Khairiya alikuwa uani kwake, mtaani Kuze, Mombasa, akitengeneza singo ya kumsugulia biarusi wa jirani, Bibi Odile alipobisha hodi. Alikuwa Mfaransa, mwigizaji wa filamu zisizo na sauti, aliyekufa nyanyake Khairiya angali msichana. Mwili wote ulikuwa kijivu. Uso tu ulikuwa mweusi, umepakwa masizi na mafuta ili aigize mwanamke wa Mombasa, na mafuta yenyewe yameshachacha. Kefule! Khairiya aliziba pua kwa mtandio, akamkaribisha.

Bibi Odile alichezesha midomo, na maneno yakajiandika ukutani kwa herufi nyeupe: alikuwa amesikia singo hutoa kila taka. Khairiya akamsugua, huku ukuta ukisimulia. Alianza kwa kucheza dansi Paris, akapata filamu, maua, picha magazetini. Kisha ikaja filamu ya huku, ambamo alitakiwa kujirusha baharini kutoka ukuta wa Ngome. Aliogopa maji. Nguo zake wakamvisha mwanamke wa hapa, naye akaruka. Khairiya alimjua: Mishi binti Ishaq, mamake nyanyake. Hakuibuka. Kamera haikuzimwa, na Paris wakampigia Odile makofi.

"Jina lake ulilijua?" Khairiya aliuliza.

Ukuta ukaandika: "Sikuuliza."

Khairiya aliendelea kusugua. Ujira alioutaka ni mmoja: jina la Mishi lionekane filamu hiyo itakapoonyeshwa Ijumaa, kule Mbaraki. Alishamwomba Ronald, mwandalizi wa onyesho hilo, akajibiwa kwa upole, "Mama, filamu ya kale haiguswi. Ni turathi." Bibi Odile aliitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Ijumaa, uso wa Bibi Odile ulitokea kwenye pazia ukiwa mweupe pe, umetakata. Filamu isiyoguswa ilikuwa imeguswa. Ronald alisifu usafi wa picha. Mishi akaruka, hakuibuka, na mwishoni likatokea jina moja, la Odile, herufi kubwa kuliko za mwanzo. Watu walipiga makofi, wakaenda kunywa soda.

Kesho yake Bibi Odile alibisha hodi tena, uso mweusi, uvundo uleule. Khairiya alimsogezea kibao akae, akaupeleka mkono wenye singo usoni pake.

"Kwanza sema. Mishi binti Ishaq."

Midomo ilicheza. Ukutani pakaandikwa: "Polepole hapo kwenye jicho."

Khairiya alitema mate pembeni, akachota singo nyingine.