Wavu wa Pikapu ya Bi Sikitu

1.

TAARIFA YA UKAGUZI WA CHOMBO CHA MOTO
Chombo: pikapu nyeupe.
Mmiliki: Sikitu Mghenyi.
Matokeo: HAIKUFAULU.
Sababu: Sehemu ya mbele imefungwa wavu wa chuma usio wa kiwandani, kinyume na muonekano wa asili.
Maelekezo: Shoo ya plastiki (kifuniko cha mbele ya rejeta) irudishwe. Chombo kisitembee barabarani hadi kikaguliwe upya.

2.

Muonekano! Mmesikia? Gari linabeba wajawazito, wao wanataka muonekano.

Mimi ni Ntandu, fundi bodi, na huo wavu nimeufunga mimi kwa mikono hii. Sikatai. Ungekuwa wewe unayesoma, ungefanyaje? Kutoka kijijini kwetu Mnyange hadi hospitali ya wilaya ni nyasi tupu, zinafika kwenye boneti. Zikikauka, mbegu zake zinapenya kwenye shoo ya plastiki, zinaziba rejeta, gari linachemsha. Mwaka jana lilichemsha mara tatu. Mara ya tatu Bi Sikitu alikuwa amembeba mke wa mwalimu. Mtoto alizaliwa njiani, juu ya turubai, na

na hakulia.

3. JINSI YA KUFUNGA WAVU
(kwa anayetaka kujua, na kwa afisa wa ukaguzi aliyesema nimefanya kienyeji)

Fungua boneti. Toa shoo ya plastiki. Vibanio vitakatika, usitukane. Pima kwa kipande cha boksi, siyo kwa macho. Kata wavu kwa grainda. Matundu yawe madogo: upepo upite, mbegu isipite. Piga rangi usiote kutu. Funga bolti sita, weka raba ili usigongegonge. Washa injini. Tazama mshale wa joto.

Subiri.

Haukupanda. Miezi minane haukupanda!

3 tena, maana hasira haijaisha.

Hapa kwetu kifaa kilichotolewa kwenye gari ni cha fundi. Ndivyo tulivyokuta. Mteja akishaondoka hakiulizii. Basi ile shoo ya zamani nikaikata vipande viwili, nikatengeneza dirisha la banda la kuku. Sasa afisa anaitaka nzima. Nimpe nini? Nimpelekee na kuku?

4.

(Fungu hili limezuiwa. Linasubiri muhuri.)

5. Dirishani kwa afisa. Nilikuwa nyuma ya Bi Sikitu, nilisikia kila neno.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Baba, mwanangu Tunu anajifungua wiki hii. Alishapasuliwa mara moja. Daktari amekataza asizalie nyumbani.

— Pole sana, mama. Ila mimi nafuata mwongozo.

— Mwongozo unasemaje kuhusu mbegu?

— Mbegu gani?

— Umewahi kufika Mnyange wewe?

— Anayefuata!

— Nakuuliza, umewahi kufika?

— Mama, kuna watu kwenye foleni.

6. Vilivyofaulu siku hiyo hiyo, nikishuhudia:

lori lisilo na taa ya nyuma;
basi dogo ambalo mlango wake umefungwa kwa kamba;
gari la ofisi yenyewe. Lina wavu mbele! Nimeugusa. Matundu mapana, ya urembo tu, hata panzi anapita na familia yake.

Nikamuuliza mlinzi, hii imekaaje?

“Fundi, hilo ni la bosi.”

Astaghafirullah.

7.

Mimi ndiye Sikitu. Ntandu anapiga kelele tu, niacheni na mimi niseme. Nimezunguka kwa wauza spea wote hadi nikapata shoo ya plastiki. Nimemwambia aifunge. Kanuna, kanifokea, kafunga. Nafanyaje? Nikienda na wavu, watanisimamisha kwenye kizuizi cha barabarani huku mwanangu ana uchungu. Nikienda na plastiki, nyasi zitanisimamisha. Nichague wapi Tunu akasimame? Hivi huyo aliyeandika mwongozo ana mama, au alizaliwa na—

8.

TAARIFA YA UKAGUZI WA CHOMBO CHA MOTO (MARUDIO)
Chombo: pikapu nyeupe.
Matokeo: IMEFAULU.
Maoni: Muonekano wa asili umezingatiwa. Mmiliki anapongezwa.

9.

Anapongezwa!

10. Leo.

Uchungu ulimshika Tunu alfajiri. Saa tatu asubuhi simu yangu inaita. Bi Sikitu.

“Ntandu, tupo katikati ya nyasi. Imechemsha. Nimeimwagia maji yote, mvuke unatoka tu. Tunu amelala kwenye turubai. Tafuta gari.”

Nimemtuma jirani na pikipiki, apeleke maji na mkunga. Lakini aliyepasuliwa habebwi kwa pikipiki. Gari lililopo karibu ni moja tu, la ofisi ya ukaguzi. Nimekimbia na ovaroli langu, grisi mpaka kwenye viwiko, nimepita foleni nzima. Wananitukana. Watukane.

Simu haijakatwa. Nimeiweka juu ya meza ya afisa, sauti mwisho.

Anasikia. Wote wanasikia. Tunu anamwita mama yake, halafu anaita tena, halafu sauti inakuwa ya chini chini, na Bi Sikitu anasema “usilale, Tunu, usilale.”

“Naomba gari lenu,” nasema. “Sasa hivi. Twende wote, nitakuonyesha njia.”

Afisa amesimama. Anaitazama simu. Anafungua jalada, anapekua, anaitoa karatasi yenye muhuri wake mwenyewe, anaisoma kuanzia juu mpaka chini.

“Lakini fundi,” anasema, “hii pikapu ilifaulu.”