Salamu Ndefu za Sadia

Sadia wa gredi ya nne hakuwa kiziwi wala mjinga, na Mwalimu Kadii alishachoka kuwaeleza watu hivyo. Maneno ndiyo yaliyomchenga: ya Kiorma chake, ya Kiswahili, na ya Kiingereza ndiyo kabisa. Sasa afisa wa elimu, Bwana Mwaro, alikuwa amefika shuleni pale Garsen kuamua kama mtoto aondolewe kwenye somo la Kiingereza. Mwalimu mkuu alitaka aondolewe. Aliyepinga ni Kadii peke yake.

Silaha yake aliipata nyumbani kwa kina Sadia. Alikwenda kumlalamikia nyanya wa mtoto jinsi Sadia anavyokwama darasani, akawakuta wawili hao wanasalimiana. Na Waorma wakianza kusalimiana, wewe tafuta mahali pa kukaa. Ng'ombe wazima? Wazima. Ndama je? Malisho? Maji? Sadia hakukwama hata mara moja, kwa kuwa alijua linalofuata, na nyanya hakuwa na haraka. Kadii akarudi akaitafsiri salamu hiyo kwa Kiingereza, darasa likasalimiana hivyo kila asubuhi muhula mzima, mpaka watoto wa Kipokomo wasio na hata mbuzi wakawa wanaulizana hali ya ndama.

"Hujambo, Sadia?" Bwana Mwaro aliuliza kwa Kiingereza, kalamu mkononi, jicho kwenye saa.

"Sijambo. Na wewe?" Sadia akajibu kwa Kiingereza vilevile. "Ng'ombe wako hawajambo?"

"Hawajambo," akasema afisa, ambaye hakuwa na hata kuku.

"Ndama?"

"Hawajambo."

"Watoto?"

"Hawajambo pia."

Darasa zima lilikuwa limeziba midomo kwa viganja. Mwalimu mkuu alikohoa, lakini Sadia alikuwa njiani na hakuwa na mpango wa kushuka.

"Mama yako?"

Bwana Mwaro akashusha kalamu. Saa aliisahau. "Mgonjwa," akasema taratibu. "Yuko hospitali, huko Ngao. Wiki ya pili."

Jibu hilo halikuwemo kwenye salamu. Sadia alisimama mdomo wazi, akitafuta. Mwalimu mkuu akainua mkono amsaidie, Kadii akamkata jicho, mkono ukashuka. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

"Mimi," alisema Sadia. "Mimi… leta maziwa. Mama kunywa."

Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Kadii aligeukia ubao, akafuta mahali palipokuwa safi tayari, ili wasimwone machozi.

"Huyu abaki," Bwana Mwaro akamwambia mwalimu mkuu kwa Kiswahili, akaweka kalamu mfukoni. Kisha akavuta kiti cha mwanafunzi, akakaa mbele ya Sadia magoti yakimgusa kidevu.

"Mama hupenda yakiwa ya moto," akasema kwa Kiingereza, polepole, neno moja moja, akasubiri ajibiwe.