Injini Aliyoifungua Ritha

Ukoo ulipokaa baada ya kuondoa tanga, uliamua kwamba pikapu ya marehemu Raphael iende kwa mdogo wake, Damas, dalali wa mahindi huko Kibaigwa. Sababu waliyoitoa ilikuwa moja: pale nyumbani Ipagala, Dodoma, hapakuwa na mtu wa kuitunza. Ritha, mjane, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema haitoki. Wengi walidhani ni uchungu wa msiba.

Haukuwa uchungu. Ritha alikuwa karani serikalini, na mshahara wa karani miaka ile ulikuwa unaishia njiani. Watoto walikula kwa pikapu ile, iliyokwenda Haneti kila mwisho wa juma kubeba mahindi. Raphael aliinunua ikiwa imetumika, magari ya Dubai yalipoanza kuingia kwa wingi. Mafundi wengi mjini walikuwa bado hawajaizoea injini yake, kwa hiyo mume na mke walijifunza kuifungua wenyewe uani.

Sasa taa inayoonya kuwa mkanda wa taimingi umechakaa ilikuwa imewaka. Mkanda huo ukikatika gari likiwa mwendoni, valvu zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Ritha akatafuta mkanda mpya. Jumamosi Damas alipofika kuichukua pikapu, alimkuta amejifunga kanga kiunoni, radieta iko chini, na mkanda wa zamani umeshatolewa.

"Shemeji, gari si lako. Unalichokonolea nini?"

"Nilipokuwa nalala chini yake kumwaga oili hukuniambia ni lako."

Damas aliondoka, akarudi na Abubakari, fundi wa Kirangi mwenye gereji mtaa wa pili.

"Pole kwa msiba, mama," Abubakari alisema. Akainama, akaitazama injini bila kuigusa. "Nani kafungua?"

"Mimi."

"Basi utafunga wewe."

Damas akacheka. "Fundi, nimekuleta wewe, sikumleta yeye."

"Injini aliyoifungua mwingine mimi siiingilii. Sijui alama za kupangia mkanda kaziachaje. Nikiruka jino moja la mkanda, valvu zikaja kugonga, utanishika mimi, naye atakuwa shahidi wako."

"Huyu si fundi."

"Aliyefungua ndiye anayefunga, bwana. Zunguka gereji zote za Dodoma ukaulize. Mimi nipo hapa hapa."

"Basi nitalivuta kwa lori."

"Vuta," Ritha akasema. "Ukifika Kibaigwa utafugia kuku."

Abubakari aligeuka kando akakohoa. Damas akavuta kigoda, akakaa. "Haya, funga. Nangoja ufunguo."

"Ufunguo ninao mimi na hautoki. Ukoo ulisema hapa hakuna wa kulitunza. Wewe kaa utazame."

Ritha alilinganisha alama, akavisha mkanda, akakaza kirekebisho kinachoubana. Kisha akaweka spana kwenye puli ya chini, akaanza kuizungusha injini kwa mkono, polepole. Spana ikagoma.

"Washa tu," Damas akasema. "Unaogopa nini?"

Ritha hakuilazimisha; alijua ameruka jino. Alirudisha spana nyuma, akalegeza kila alichokikaza, akautoa mkanda na kuanza upya. Damas alimtazama fundi, lakini Abubakari alikuwa amekunja mikono. Safari hii spana ilizunguka mara mbili bila kugoma, na alama zote zikarudi mahali pake. Akafunga kifuniko, akarudisha radieta na kuijaza maji. Akaingia, akawasha.

Injini ilitetemeka, ikanguruma, ikatulia.

Damas alikuja dirishani, akanyoosha kiganja. "Haya, shemeji. Umefanya kazi nzuri. Lete."

"Nakwenda nalo Kibaigwa, kwa wazee wa ukoo," Ritha alisema. "Walioamua nisiwe nalo nataka waniambie nikiwa nimekaa hapa, injini inawaka. Ukitaka lifti, panda."

Damas aliushusha mkono. Kisha akazunguka, akafungua mlango wa abiria.

"Nyuma, shemeji," Ritha akasema. "Hapo ni pa spana zangu."