Kabla Mshale Haujatulia

...swichi ya kwanza feni, andika, ya pili mota, andika, na huyu Batoul anaandika kweli, kalamu inakwaruza daftari la shule, msichana wa Ikoni aliyekuwa juzi tu akikariri wafalme wa Ufaransa darasani, leo kamati ya vijana imempa mashine yangu, mimi Chanfi niliyeilea kadi kwa kadi, ndani ya kadi hizi zilizotobolewa wamo watu wote waliokimbia mauaji ya Majunga, ng'ambo ya bahari, jina, watoto, kijiji, bila mashine orodha ya mgao wa mchele wao haitoki, na redio imetangaza watumishi wa serikali turudi makwetu tukalime, miaka kumi na moja Moroni kisha tukalime, Ijumaa narudi Mutsamudu na mkoba mmoja, "Halafu, fundi?" anauliza, halafu ukome, halafu ni kusubiri, mshale ule kwenye kioo utulie, dakika nne nzima, ndipo umeme mkubwa, ukiuwasha kabla nyaya za ndani zinaungua, basi tena, na hizo dakika nne sizitaji, nitasema tatu umeme mkubwa, aunguze mwenyewe mbele ya wenzake, waone kama mashine inaendeshwa kwa kupiga makofi mikutanoni, si wanasema huku kisiwani Ngazidja kwamba Mnzwani kama mimi hafundishi bila kubakiza, haya, nabakiza... "Vumbi la mlima Karthala lilikuwa limejaa kwenye chujio la feni, fundi, nimelikung'uta asubuhi," nani kamtuma, natazama chini nisimtazame usoni, hana viatu, kaviacha mlangoni, sheria yangu hiyo kwa ajili ya vumbi na leo sikumwambia, Mfaransa aliyekuwa na mashine hizi kabla yangu alikuwa akiicheka, akiingia na buti zake, "Hapa si msikitini, Chanfi," kisha Disemba ya mwaka ule wa uhuru akafunga masanduku kwa siku mbili, vitabu vyote vya mashine ndani, akaniachia karatasi moja, moja feni, mbili mota, tatu umeme mkubwa, mwandiko mzuri, nikauamini, nikawasha mashine ya kwanza mbele ya mkurugenzi mpya na wageni wake, ikatoa moshi, mtu nyuma yangu akasema uhuru huu tumeuwahi mno, nami nimesimama pale na kanzu yangu ya Ijumaa, inanuka nyaya, nikitaka kufa, dakika nne nilizitafuta peke yangu kwenye mashine hii ya pili, wiki tatu, na kila nikisali nimemlaani mtu yule, mpaka leo, na sasa maneno yake yamekaa kwenye ulimi wangu vilevile, moja, mbili, tatu, hakuna lililopungua... "Fundi Chanfi, tatu ni umeme mkubwa?" kidole chake kiko juu ya swichi, anangoja neno langu, ananiamini mjinga huyu, simpendi, sitampenda, kamati yake ilichoma mafaili yetu uwanjani wakiimba, na watu wa Majunga hawakunichomea kitu, mkuki kwa nguruwe, Chanfi, kwa binadamu mchungu, mshale bado unacheza, feni inavuma, lakini Mutsamudu siendi nikiwa yule Mfaransa, nitamwambia toa kidole hicho, subiri, dakika nne, andika, na nitamwambia kwa ukali.